Nusu ya Nestori

Mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha pale kilimani Kitanga Ijumaa jioni, ikalowesha udongo vizuri, ikaondoka kistaarabu. Jumamosi asubuhi hakuna mtu aliyepanda. Watu walitoka na majembe mabegani wakajifanya wana shughuli nyingine. Huyu anafyeka majani ambayo hayamsumbui mtu, yule anatengeneza uzio wa mbuzi wakati hata mbuzi hana. Ukiwauliza, watakwambia wanangoja udongo upoe. Uongo mtupu. Walikuwa wanamngoja Epifania.

Mgeni hawezi kuelewa jambo hili bila kuelezwa. Ukoo wa marehemu mumewe, Nestori, ndio waliokuwa wateko wa kilima kile, watu wa kuubariki udongo. Zamani za mababu hakuna aliyetia mbegu ardhini kabla mteko hajapiga jembe la kwanza. Siku hizi kila mtu ni Mkristo, kanisa lina bati jipya, na katekista Reverien kila mwaka mvua zikikaribia anahubiri kwamba mvua ni ya Mungu na jembe ni jembe tu. Amina, wanaitikia. Hata familia zilizokimbia kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, ambazo leo ni raia kama wewe na mimi, nazo zinaitikia amina. Halafu Nestori na mkewe wakionekana shambani, kabla jua halijafika utosini kilima kizima kinapanda, na shamba la Reverien mwenyewe halikosi kuwa la pili au la tatu. Ndivyo walivyo. Wanakanusha kwa mdomo, macho yanafuata jembe.

Sasa Nestori hayupo, na jembe limebaki mkononi mwa mjane.

Msimu uliopita walipanda kama kawaida baada ya mvua ya kwanza, na watu wote wakawafuata. Jua likawaka wiki baada ya wiki, maharage yakaoka ardhini. Wakapanda tena. Yalipoanza kutoa maua, ikaja ile mvua.

Pale kilimani watu walikuwa wamezoea kwamba kila wingu lina kwao. Radi ikilia upande wa Kibondo, unajua mvua iko kwa watu wa huko, na ukiwa na mihogo uliyoloweka bondeni una muda wa kushuka, kuitoa kwenye mashimo ya kijitoni, kuipakia kikapuni na kupanda nayo taratibu. Mara nyingi hata haifiki. Waliosema dalili ya mvua ni mawingu waliishi na mawingu yenye adabu. Asubuhi ile radi ilipolia mbali, Epifania ndiye aliyesema, "Baba Claudine, ile mihogo itachukuliwa." Nestori akavaa kofia yake, akashuka bila haraka. Kijito kilipanda kabla hata tone moja halijaanguka juu yao, kwa maana huko juu kulikuwa kumeshanyesha. Lilikuwa wingu moja kutoka Kibondo hadi Kasulu, siku nzima. Walimpata Nestori kesho yake, amenasa kwenye matete. Rafiki yake Niyonsaba ndiye aliyeingia majini kumtoa.

Epifania hakulia. Wakati wa msiba alipokea pole, akapika, akawauliza waliotoka mbali kama wamepata maji ya kunawa. Wanawake walisema ana moyo wa chuma. Hawakujua kwamba alikuwa akiungoja huo uchungu kama mtu anayengoja mgeni aliyesema yuko njiani, na haukuja. Ugali haukuwa na ladha. Kilio cha binti yake Claudine, aliyekuja kutoka Kigoma mjini, alikisikia kama kinatoka nyumba ya jirani. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, na baada ya muda akaacha kushangaa.

Basi Jumamosi hiyo alikuwa amekaa kizingitini anachambua mboga ya majani, pikipiki ikaingia uani. Alikuwa Kudra, afisa ugani kutoka Kasulu, binti wa Kiislamu mwenye ushungi uliojaa vumbi na sauti ya upole. Alisalimia kwa Kiha cha kubabaisha, Epifania akamjibu kwa Kiswahili ili kumpunguzia taabu.

"Mama, shikamoo. Nimepita mashamba yote. Hakuna aliyepanda."

"Marahaba. Wanangoja udongo upoe."

Kudra akatabasamu kidogo, akaketi kwenye kigoda. "Wameniambia hivyohivyo. Halafu wakaangalia huku kwako."

Epifania aliendelea kuchambua. Mbegu ya kila nyumba pale kilimani ilikuwa dumu moja, iliyochanganywa na majivu isiliwe na wadudu. Mwaka jana walipanda mara mbili wakavuna majani. Wakikosea tena safari hii, hakuna mbegu nyingine, na hakuna maharage ya kula wala ya kupeleka sokoni Kasulu. Hilo kila mtoto alilijua. Epifania alilijua kuliko wote, maana mwaka jana walimfuata yeye na mumewe, na hakuna hata mmoja aliyewalaumu. Afadhali wangewalaumu.

"Wewe umesoma," alisema. "Ile mvua ya mwaka jana ilikuwa nini?"

Kudra alifikiri kwanza. "Nchi imezidi joto, mama. Hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi. Mawingu ya radi ambayo zamani yalitembea moja moja, yakiungana yanakuwa kundi moja kubwa, linafunika wilaya mbili tatu kwa pamoja. Likifika linamwaga yote. Halafu unakaa na jua tupu. Mvua ya mwezi inakuja siku moja."

"Na mwaka huu?"

"Kwamba zikija zitakuja na nguvu zaidi, hilo wataalamu wanakubaliana. Lini, na zitapita wapi, hapo hata wao hawana hakika. Mimi naambiwa niwaambie mvua ikitulia mpande." Akashika magoti yake. "Ikitulia lini, sijui. Ila wakichelewa sana maua yatakutana na kiangazi. Nakuomba, mama. Ukipanda wewe watapanda."

"Na nikikosea?"

Kudra alitikisa kichwa, hakujifanya anajua. Hilo Epifania alilipenda, kama bado kulikuwa na kitu alichokipenda. Akampa chai. Pikipiki ilipoondoka alibaki na sufuria ya mboga mapajani na dumu la mbegu nyuma ya mlango.

Jumatatu alikwenda. Hakuamua, wala hakuomba. Aliamka miguu ikashuka kitandani, mkono ukachukua jembe, mwingine ukachukua bakuli la mbegu. Watu wengine wana bahati, mwili unajua kazi hata mwenyewe akiwa hayupo.

Shamba lao lilianzia karibu na nyumba likateremka hadi karibu na kijito, na katikati kulikuwa na kichuguu kikubwa ambacho hakuna jembe lililokiweza. Yeye na Nestori walikuwa na desturi yao tangu mwaka wa ndoa. Mke anaanzia juu, mume anaanzia chini bondeni, wanapanda wakielekeana. Anayefika kwanza kwenye kichuguu anakaa, anapangusa jasho, na mwenzake akitokea anamwambia, "Umechelewa." Basi. Ndiyo ilikuwa mizaha yao yote. Miaka mingi waliambiana neno hilo moja, na kila mara aliyechelewa alikuwa na kisingizio: mara jembe lina mpini mbovu, mara udongo wa upande wake ni mgumu.

Epifania akaanzia juu. Alipiga shimo, akadondosha mbegu, akafukia kwa mguu. Shimo, mbegu, mguu. Hakutazama ng'ambo, lakini alijua wanatazama. Kidogo kidogo majembe yakaanza kusikika, kwanza kwa Reverien kama ilivyotarajiwa, kisha kwa Niyonsaba, kisha kila mahali.

Jua lilipokuwa kali alifika kwenye kichuguu. Alikaa. Alipangusa jasho kwa ncha ya kitenge, akatazama chini kuelekea bondeni. Nusu ya chini ilikuwa tupu. Akakaa kimya kwa muda mrefu, mikono mapajani, bila wazo lolote kichwani. Kivuli chake kilipoanza kurefuka alibeba jembe na bakuli, akarudi nyumbani, akakoka moto.

Jioni katekista Reverien alipita njia, akasimama kwenye uzio kama mtu aliyekumbuka jambo dogo tu.

"Mama Claudine, pole na kazi. Kesho unamalizia?"

"Labda," alisema Epifania.

"Labda," alirudia Reverien, akalichukua neno lile akaondoka nalo kwa uangalifu.

Kesho yake hakumalizia. Wala keshokutwa. Kila asubuhi alisema atakwenda, na kila asubuhi aliona uzito wa kushuka chini ya kichuguu, si huzuni, uzito tu, kama mtu anayeambiwa ainue jiwe ambalo si lake. Nusu ile ilikuwa na mwenyewe. Mbegu zilizobaki akazirudisha kwenye dumu na majivu yake. Maharage ya juu yakachipua. Zilipita mvua ndogondogo mbili tatu, watu wakaanza kutaniana tena njiani, na Epifania akaitikia salamu zao bila kuona kwamba mashamba yao yamefanana na lake. Mtu aliyekufa ganzi haoni mbali.

Siku moja, asubuhi, simu iliita. Alikuwa mdogo wake Dorcas, aliyeolewa Kitahana huko Kibondo.

"Dada, huku kumekuwa giza. Inanyesha vibaya. Nimekupigia ili ujue mapema, usiteremke bondeni."

Epifania alisogea mlangoni na simu sikioni. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka uani, makubwa, yanachimba vumbi.

"Hapa pia imeanza," alisema.

Kutoka Kitahana mpaka Kitanga ni safari ya nusu siku, ukibahatika kupata gari. "Saa hizihizi?" Dorcas aliuliza.

"Saa hizihizi."

"Ni ileile, dada. Ni kama ile."

"Ego," alisema Epifania, yaani ndiyo, na mtandao ukakatika.

Ilinyesha bila kupumua. Bati lilikuwa likipigwa hata mtu hasikii mawazo yake. Adhuhuri mlango ulisukumwa, akaingia Niyonsaba, amelowa chapachapa, matope hadi magotini. Mzee yule alikuwa amevuka kilima kizima.

"Shemeji, uko ndani?"

"Unaniona niko ndani."

"Nilitaka kuona kwa macho." Alibaki amesimama pale mlangoni, maji yanamtiririka. "Huna mihogo bondeni?"

"Sijaloweka mihogo tangu siku ile."

Niyonsaba alikubali kwa kichwa. Alikaa kwenye kigoda hadi jioni, Epifania alimwekea uji, na wote wawili wakasikiliza kijito kinavyonguruma huko chini. Alijaribu kuogopa. Hata hofu ilikataa kuja.

Asubuhi mbingu zilikuwa safi kama zilizooshwa na mtu mwenye aibu. Epifania akatoka. Bonde lilikuwa limekula mashamba. Kuanzia kijitoni hadi karibu na kichuguu kulikuwa na mchanga, mawe na magogo ambayo hayakuwa ya kilima kile. Juu ya kichuguu maharage yalilala na matope, mengine yameng'oka, lakini mengi yalikuwa na mizizi yake. Akainua macho kutazama ng'ambo, kwa mara ya kwanza tangu apande. Shamba la Niyonsaba lilikuwa hivyohivyo. La Reverien pia. Juu kijani, chini mchanga, kila shamba. Ila yale mawe yalikuwa yamelala juu ya udongo uliolimwa ambao haukuwa na mche hata mmoja. Hakuna aliyepanda nusu ya chini. Pale alipoishia yeye, kila mtu alikuwa ameishia.

Akasimama pale akiyatazama mashamba yale, na kitu fulani kifuani kikajisogeza kidogo, kama mguu uliolaliwa unapoanza kupata damu. Haikuwa furaha. Iliuma.

Kabla ya mchana uani kulijaa. Walikuja na ndizi, na mmoja na kuku. Walikuwa wamelala na nusu dumu la mbegu ndani ya kila nyumba, na sasa walilielewa kwa namna yao. Wakampa mikono miwili miwili.

"Tuliulizana sana," alisema Reverien, na pale mbele za watu akasahau mahubiri yake yote. "Wengine walisema tumalizie, tusiwe wajinga. Mimi nikawaambia, yule ana sababu. Wateko hawajafa, Mama Claudine. Mungu anisamehe, lakini hawajafa."

Watu wakaitikia kwa sauti ya chini. Epifania aliwatazama mmoja mmoja. Aliona namna walivyomtazama, kwa shukrani na kwa njaa. Akaona mwaka ujao na mwaka wa baada yake, kila wingu likija watu hawa wataangalia mkono wake, mkono wa mwanamke asiyejua lolote. Hapo ndipo hofu iliyokuwa imemkataa siku nzima ya mvua ilipoingia.

"Sikuwa na sababu," alisema.

Reverien akacheka kwa heshima. "Ni unyenyekevu."

"Si unyenyekevu. Nisikilizeni. Nilipanda upande wangu nikafika kwenye kichuguu. Nikakaa. Nilikaa kumngoja Nestori. Yeye ndiye anayepanda chini. Nikangoja, hakutokea, nikarudi nyumbani. Ndiyo sababu yote. Kama ningekuwa na akili zangu ningepanda mpaka kijitoni, na ninyi mngepanda mpaka kijitoni, na leo hatuna kitu."

Kuku alikuwa akihangaika mkononi mwa mtu. Mwanamke mmoja akaweka mkono mdomoni. Niyonsaba alikuwa amekaa pembeni, akainamisha kichwa akatazama viatu vyake vya matope, mabega yakimtikisika, na hakuna aliyejua kama analia au la.

"Na mbegu zilizobaki?" Reverien aliuliza mwishowe, tena kwa sauti ya mtu wa kawaida. "Tuzitie lini?"

"Sijui. Hata Kudra hajui. Msinitazame mimi."

Waliondoka mmoja mmoja. Wengine walikuwa na hasira, ukweli usemwe. Mtu akikupa muujiza halafu akakunyang'anya, si jambo la kumshukuru. Ndizi waliziacha, kuku akarudi kwao.

Walisubiri maji yakauke, wakaondoa mawe na magogo, wakaparua mchanga hadi udongo ukaonekana. Halafu asubuhi moja ya ukungu mwepesi Epifania alichukua jembe na bakuli. Safari hii hakuanzia juu. Alizunguka shamba kwa pembeni, akashuka mpaka chini kabisa, mahali ambapo miaka yote alikuwa akimwona Nestori kwa mbali akiwa mdogo kama mtoto. Akageuka kutazama kilima. Hakuwahi kukiona kutoka huku. Kilikuwa na mwinuko mkali. Kumbe udongo wa upande wake ulikuwa mgumu kweli.

Ng'ambo watu walikuwa wamesimama. Kila mmoja kwenye ncha ya chini ya shamba lake, jembe mkononi. Alikuwa amewaambia wasimtazame, na bado walikuwa wakimtazama. Mkono wake haukuinuka. Alifikiria kurudi nyumbani na kufunga mlango. Alifikiria dumu la kila nyumba, na mbingu ambayo hakuna mwanadamu aliyekuwa akiisoma tena.

Kisha akasikia jembe. Lilipiga udongo mara moja, kavu, kwa nguvu. Akageuka. Niyonsaba alikuwa ameinama, amempa mgongo, na jembe lake lilipanda na kushuka bila kungoja mtu. Alikuwa amepiga la kwanza. Kilima kikakaa kidogo, kama kinachofikiri. Halafu jembe la pili, kwa akina Reverien. Halafu la mwanamke mmoja kule mbali. Hakuna aliyekuwa akimtazama Epifania tena.

Naye akainama. Shimo, mbegu, mguu. Alikwenda polepole maana mlima ulimkata pumzi, na mara mbili alisimama kushika kiuno. Jua likatoka ukunguni. Alipofika kwenye kichuguu hapakuwa na mtu aliyekaa pale. Upande wa pili yalianza maharage yake mwenyewe, yamepinda kwa matope lakini yana majani.

"Nimechelewa," alisema kwa sauti.

Akakaa chini, akajifunika uso kwa kitenge, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, sauti ambayo watu waliikosa siku ya msiba, na ilisikika kilima kizima. Majembe hayakusimama.